Kilo nne na nusu zinazodanganya: mzigo mwepesi wa safari za porini unapimwaje?

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wa kale. Ukiwasikiliza watu wanaotembea milimani kwa siku nyingi na begi mgongoni wakibishana, utadhani methali hiyo ilitungwa kwa ajili yao. Mmoja anajitapa kuwa mzigo wake una kilo nne. Mwingine ana kilo tisa na anachekwa. Wote wawili wanasema kweli, lakini asubuhi ya kuondoka yule wa kilo nne huenda ndiye anayepanda kilima akihema chini ya mzigo mzito zaidi. Inategemea mizani ilipima nini.

Kipimo wanachokitumia huitwa uzito wa msingi. Ni uzito wa begi na kila kilichomo, ukitoa chakula, maji na nishati ya jiko, kwa sababu hivyo vinapungua kila siku. Nguo ulizovaa, viatu vya miguuni na fimbo za mikononi navyo havihesabiwi. Wamarekani, ambao ndio waliozipa safari hizi jina na kanuni zake, walichora mstari kwenye ratili kumi, yaani takriban kilo 4.5. Aliye chini ya hapo ni mtu wa mzigo mwepesi kabisa. Aliye chini ya ratili ishirini, kilo 9 hivi, ni mwepesi wa kawaida. Wapo na wale wa chini ya ratili tano, kundi dogo ambalo hupima hata kamba za viatu.

Namba hiyo haikutoka maabara. Ni kumi tu, namba nzima inayopendeza kuitamka, na ingekuwa nyingine kama Marekani ingepima kwa kilo. Sababu ya kuondoa chakula na maji ni nzuri: bila hivyo huwezi kulinganisha safari ya siku mbili na ya siku kumi. Tatizo ni kwamba mabega hayajui kanuni hii.

Chukua watu wawili. Wa kwanza ana uzito wa msingi wa kilo 4.5 na anaingia eneo ambalo hatapata pa kununua chochote kwa siku saba. Akila gramu 800 kwa siku, chakula peke yake ni kilo 5.6. Njia ni kavu, kwa hiyo amebeba lita nne za maji, na lita moja ni kilo moja, hakuna hila ya kuipunguza. Weka gramu 200 za nishati ya jiko, jumla inafika kilo 14.3. Wa pili ana uzito wa msingi wa kilo 9, lakini baada ya siku mbili atapita penye duka, na vijito viko kila baada ya saa moja. Chakula kilo 1.6, maji lita moja, nishati hiyohiyo: kilo 11.8. Yule "mzito" amemzidi mwenzake wepesi kwa kilo mbili na nusu.

Ndiyo maana namcheka kidogo mtu anayekata mpini wa mswaki ili aokoe gramu nane, kisha anavuka vijito vitatu akiwa na lita nzima ya maji asiyoyahitaji. Uwezo wa kusoma ramani na kujua maji yako wapi unapunguza mzigo kuliko kifaa chochote cha titani. Na kuna hila nyingine ya wazi: kwa kuwa kilichovaliwa hakihesabiwi, wapo wanaojaza mifuko ya suruali ili mizani ya begi iwasifu.

Basi kwa nini watu waung'ang'anie uzito wa msingi? Kwa sababu ndiyo sehemu ya mzigo unayoiamua ukiwa nyumbani. Maji yanaamuliwa na nchi, chakula na idadi ya siku. Hema, begi na cha kulalia unaviamua wewe.

Nguvu au magoti?

Huambiwa kwamba mzigo mwepesi unaokoa nguvu. Ni kweli, ila si kwa kiasi kinachodhaniwa. Kwenye tambarare, mzigo ulioshikana vizuri na mgongo hugharimu nguvu karibu sawa na kama mwili wenyewe ungenenepa kwa uzito huo. Mtu wa kilo 70 mwenye begi la kilo 20 anatembea kama mtu wa kilo 90. Akilishusha begi hadi kilo 10, anatembea kama wa kilo 80. Amepunguza sehemu moja kati ya tisa. Mpandishe mlima wa mita 1,000, ukikadiria kwamba misuli inageuza robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, na kilo hizo kumi zilizopungua zitamwokolea kama kilokalori 94. Hiyo ni konzi ndogo ya karanga. Kama hesabu ingeishia hapo, ningekushauri ule karanga zaidi na ubebe kiti.

Gharama kubwa iko kwenye viungo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu wazee wanene wenye ugonjwa wa magoti ulionyesha kwamba kila kilo moja ya mwili iliyopungua iliondoa kama kilo nne za mgandamizo gotini katika kila hatua. Begi si mafuta ya mwili, na kijana mzima si mzee mwenye ugonjwa, kwa hiyo usiihamishe namba hiyo kama ilivyo. Lakini inakuonyesha mwelekeo. Mtu anayetembea kilomita 20 kwa hatua za sentimita 70 anakanyaga zaidi ya mara 28,000, nusu yake kwa kila mguu, na kwenye mteremko goti ndilo breki. Kumbuka pia kwamba mguu uliochoka hukosea jiwe. Safari nyingi hukatishwa na kifundo kilichoteguka au lengelenge, si kwa mtu kuishiwa nguvu.

Kisha kuna viatu. Watafiti waliolipima jambo hili kwa ajili ya jeshi la Marekani walichapisha matokeo yao mwaka 1969: uzito uliofungwa miguuni ulikula nguvu mara nne hadi sita kuliko uzito uleule ukiwa sehemu ya mwili, kutegemea kasi ya mwendo. Sababu yake ni kwamba mguu huinuliwa, husukumwa mbele na kusimamishwa upya katika kila hatua, wakati mgongo unasafiri karibu kwa mwendo mmoja. Ukiacha buti za kilo 1.6 ukavaa viatu vya kukimbilia vya gramu 600, umetua kilo moja miguuni, ambayo ni kama kutua nne au zaidi mgongoni. Halafu rudi kwenye kanuni ya ratili kumi: viatu havihesabiwi kabisa. Kipimo kinachosifika kimeuacha nje uzito ulio ghali kuliko wote.

Mnyororo

Wepesi wenye faida haupatikani kwa kununua kitu kimoja chepesi. Vitu vya begini vimefungamana. Begi lililotengenezwa kubeba kilo 20 linahitaji fremu, mshipi mnene wa kiunoni na kitambaa kigumu, na lenyewe tupu linaweza kufika kilo 2.3. Mzigo wote ukiwa kilo 8 au 9, fremu haina kazi, na mfuko usio na mifupa wa gramu 500 unatosha. Kifundo cha mguu kisichokandamizwa hakidai buti ndefu. Mtu asiyechoka anafika mapema, kwa hiyo anaweza kulala siku moja pungufu njiani na kubeba chakula pungufu.

Mnyororo huo una ncha moja ya kuanzia na watu wengi huishika kinyume. Wananunua begi jepesi kwanza, kisha wanalisokomeza vitu vyao vilevile vya kilo 15, na mishipi myembamba inawakata mabega kama kamba ya ndoo. Begi linunuliwe mwisho.

Vitu vitatu vinabeba sehemu kubwa ya uzito wa msingi: begi, cha kujihifadhi na cha kulalia. Ukitoa kilo moja kwenye hema, umeokoa kuliko ungeokoa kwa kupekua vikorokoro vidogo mwezi mzima. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini hapa anza na pishi.

Si jambo jipya, wala halikuanza na vitambaa vya kisasa. Mwaka 1955 Emma Gatewood, mama wa watoto 11 aliyekuwa na miaka 67, alitembea njia ya Appalachian Trail yote, kutoka Georgia hadi Maine mashariki ya Marekani, zaidi ya kilomita 3,000. Alianza Mei akamaliza Septemba, mwanamke wa kwanza kuimaliza peke yake katika msimu mmoja. Hakuwa na hema wala mfuko wa kulalia. Alikuwa na mfuko wa denim alioushona mwenyewe na kuutundika begani, blanketi, pazia la plastiki la bafuni la kujikinga mvua, na viatu vya raba. Anatajwa kama bibi wa mzigo mwepesi, na anastahili. Kinachosahaulika ni kwamba njia ile ina vibanda vya kulala, na mara nyingi alipokewa na watu majumbani mwao. Hema lake lilibebwa na wenyeji.

Aliyeifanya habari hii kuwa mfumo ni Ray Jardine, mpanda miamba aliyekuwa tayari amejulikana kwa kubuni kifaa cha kushikilia kamba kwenye nyufa za mwamba. Yeye na mkewe Jenny walitembea Pacific Crest Trail, njia ya zaidi ya kilomita 4,200 kutoka mpaka wa Mexico hadi wa Kanada, mwaka 1987, 1991 na 1994, kila mara wakiwa na mzigo mdogo kuliko uliotangulia. Walishona mabegi yao, turubai badala ya hema, na mfarishi badala ya mfuko wa kulalia. Kampuni zilikuja baadaye. Hata kile kitambaa cheupe kinachong'aa, ambacho leo ndicho fahari ya hema ghali za gramu 500, kinatokana na matanga: jina lake la zamani, Cuben, linaikumbuka mashua ya mashindano ya America³ iliyoshinda Kombe la Amerika mwaka 1992.

Mfarishi, godoro na glasi ya maji

Turudi kwenye usufi. Manyoya laini ya bata na batabukini yanafanya kazi ileile: hayatoi joto, yanaizuia hewa isitembee, na hewa iliyotulia hairuhusu joto la mwili litoroke. Ubora wake hupimwa kwa kuangalia wakia moja, gramu 28, inajaza inchi za ujazo ngapi. Manyoya ya 600 ni ya kawaida, ya 900 ni ya juu, na tofauti ni kwamba ya 900 yanakupa unene uleule kwa uzito mdogo. Hayana joto zaidi kwa kila sentimita ya unene, jambo ambalo wauzaji hawalikazii.

Sasa lala juu ya mfuko uliojaa manyoya hayo. Sehemu iliyo chini yako imebanwa, hewa imetoka, na manyoya yake hayana kazi ila kubebwa. Ndipo lilipotokea wazo la mfarishi: ondoa mgongo wa mfuko, ondoa zipu na kofia, acha cha kufunika juu na pembeni. Chini, godoro ndilo linalokukinga na ardhi.

Wageni wa safari hizi hulidharau godoro. Hununua cha kujifunika cha kuhimili baridi kali, wakalala nacho juu ya godoro jembamba la povu na kutetemeka hadi alfajiri wakimlaumu mtengenezaji. Uwezo wa godoro kuzuia joto lisipotee huandikwa kwa herufi R na namba. Kwa usiku wa kiangazi R ya 2 inatosha wengi, palipo karibu na kuganda unataka 4 au zaidi, na kwenye theluji 6. Kipimo kimoja cha kuzilinganisha kampuni zote kilianza kutumika mwaka 2020. Kabla ya hapo kila mmoja alipima alivyotaka. Namba hizo hujumlishwa, kwa hiyo povu la R 2 chini ya godoro la hewa la R 4 linakupa 6, na godoro la hewa likitoboka usiku bado unabaki na povu.

Kwa upande wa hema, akiba kubwa hutoka kwenye nguzo: fimbo zako za kutembelea zinasimamisha turubai, kwa hiyo nguzo za hema zinabaki nyumbani. Akiba nyingine ni kuacha ukuta wa pili, na huo una gharama. Mtu aliyelala hutoa kwa pumzi na ngozi maji ya kama glasi moja kwa usiku. Kwenye hema la kuta mbili mvuke hupita wa ndani na kugeuka matone kwenye wa nje. Kwenye ukuta mmoja unageuka matone mbele ya pua yako, na mfarishi wa manyoya ukigusa hapo unalowa, na manyoya yaliyolowa husinyaa na kuacha kushika hewa. Tiba yake ni kuacha pande wazi upepo upite na kutolala bondeni kabisa karibu na maji, ambako hewa baridi na unyevu hukusanyika usiku. Mwenye turubai analazimika kuwa msomaji wa ardhi: kidimbwi kikavu kinachoonekana tambarare na laini saa kumi jioni ndicho kitakachojaa maji saa nane usiku.

Jiko linaonyesha vizuri kwa nini hakuna jibu moja. Jiko dogo la spiriti lililotengenezwa kwa kopo, pamoja na chupa yake, ni kama gramu 40. Jiko la gesi na mtungi wake mtupu ni kama gramu 175. Spiriti inaonekana imeshinda. Lakini ina nishati kidogo kwa kila gramu: kuchemsha nusu lita kunakula kama gramu 15 za spiriti, na gesi kama 7. Kila chemsho gesi inarudisha gramu 8, kwa hiyo baada ya chemsho 17 zimelingana. Ukichemsha mara mbili kwa siku, safari ya wikendi ni ya spiriti, na ya siku tisa bila kununua nishati ni ya gesi. Tena spiriti haina bomba la kuizima, na sehemu nyingi kavu huipiga marufuku wakati wa hatari ya moto. Wapo pia wanaoacha jiko kabisa na kula vikavu. Niliwahi, mara moja. Nilikuwa mwepesi na mwenye kununa.

Chakula chenyewe hupimwa kwa kilokalori kwa gramu. Mafuta yana 9, wanga na protini zina 4, maji hayana kitu. Tunda bichi ni kubeba maji yenye sukari.

Nchi ndiyo inayoamua

Orodha ya vitu haina maana bila jina la mahali na mwezi. Sierra Nevada ya California mwezi wa Agosti mara nyingi ni kavu, na turubai jembamba linatosha. Lakini sehemu nyingi za huko, pamoja na Yosemite, zinakulazimisha kubeba chakula kwenye chombo kigumu ambacho dubu hawezi kukifungua, karibu kilo moja, na hakuna mjadala. Nyanda za juu za Scotland hazina dubu, ila zina mvua ya upepo inayoingia kwa ubavu na visubi wanaong'ata, na hapo pande wazi za turubai ni adhabu. Kwenye Tour du Mont Blanc, mzunguko wa kilomita 170 hivi kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, nyumba za wageni zinakupa kitanda na chakula, na mtu mwenye kilo tatu si shujaa, ni mteja.

Halijoto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kabla hujaongeza upepo. Wengi wanadhani mwili hupoa hatarini kwenye theluji tu. Hatari kubwa iko kwenye nyuzi tano hadi kumi zenye mvua, kwa sababu maji hupitisha joto kama mara 25 kuliko hewa, na mwenye fulana ya pamba iliyolowa anavuliwa joto akiwa anatembea. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35, akili huanza kukosea kabla mtu hajagundua. Hapo ndipo uzito mdogo unapogeuka ujinga. Koti la mvua, seti moja kavu ya kulalia isiyovaliwa njiani kwa sababu yoyote, taa ya kichwani, ramani isiyotegemea betri na huduma ya kwanza havikatwi. Vinaweza kuwa vyepesi, ila viwepo. Mzoefu anapunguza blanketi kwa sababu anajua atalala wapi. Anayemwiga bila kujua hilo amepunguza blanketi tu.

Anayetaka kuanza asinunue kitu. Atafute mizani ya jikoni, apime vyote alivyonavyo, aandike. Akirudi safari, amwage begi sakafuni na kugawa malundo matatu: vilivyotumika kila siku, vilivyotumika mara moja, visivyoguswa. Koti la mvua na huduma ya kwanza vina msamaha hata vikikaa kwenye lundo la tatu. Vingine vilivyomo humo vijitetee. Baada ya safari tatu au nne, lundo hilo huwa dogo sana. Langu limebaki na kitabu cha gramu 310. Sijawahi kusoma zaidi ya kurasa kumi njiani, na safari ijayo kitakuwemo.